Uvimbe mpya kwenye titi uzeeni: Njia ya uchunguzi kwa mama wa Ikutha

MAMA aliyekoma hedhi miaka kumi au ishirini iliyopita anapogusa uvimbe mpya katika titi lake, jambo la kwanza analojiuliza aghalabu ni iwapo unauma. Akiona hauumi hushusha pumzi, akaendelea na shughuli za shamba na za nyumbani. Hapo ndipo hatari inapoanzia. Saratani ya titi katika hatua zake za mwanzo kwa kawaida haina maumivu, na pindi inapoanza kuuma, mara nyingi huwa imekwisha kuenea kiasi cha kuifanya tiba kuwa ngumu, ndefu na ghali.

Katika maeneo ya Kitui Kusini kama vile Ikutha, Kanziko, Athi na Mutha, wanawake wengi wa umri huo huishi mbali na hospitali zenye mitambo ya picha na madaktari wa upasuaji. Baadhi ni wajane, wengine wanalea wajukuu ilhali watoto wao wako Nairobi au Mombasa kutafuta riziki. Uvimbe usiouma huwekwa nyuma ya mambo yanayoonekana kuwa ya dharura zaidi: karo, maji, mifugo na msimu wa kupanda.

Makala haya yanaeleza kwa nini uvimbe mpya katika umri huo haustahili kusubiri, hatua ambazo uchunguzi kamili hufuata, mahali pa kwenda kutoka Ikutha, na namna jamaa wanavyoweza kuhakikisha kwamba safari hiyo haikatiki njiani. La msingi ni hili: uvimbe uliotokea baada ya hedhi kukoma hautangazwi kuwa salama kwa kutazamwa wala kwa kupapaswa peke yake. Hutangazwa salama kwa picha na, isipokuwa pale picha inapoonyesha waziwazi kwamba ni kifuko cha maji tu au jambo jingine lisilo na shaka, kwa kipande cha nyama kilichopimwa katika maabara.

Ukubwa wa tatizo

Saratani ya titi ndiyo inayogunduliwa zaidi miongoni mwa wanawake nchini Kenya. Makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani kwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba watu 6,799 waligunduliwa kuwa na ugonjwa huu nchini mwaka huo, na watu 3,107 wakafa kutokana nao. Kote duniani, Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba wanawake milioni 2.3 waligunduliwa kuwa nao mwaka 2022, na watu 670,000 wakafariki.

Tofauti baina ya nchi tajiri na nchi za Afrika haitokani na ukali wa ugonjwa peke yake. Inatokana pia na wakati ambapo mgonjwa anafika hospitalini na matibabu anayoyapata baada ya kufika. Utafiti uliofuatilia wanawake wenye saratani ya titi katika nchi za Uganda, Zambia, Namibia, Nigeria na Afrika Kusini, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2020, ulibaini kwamba nusu tu ndio waliokuwa hai miaka mitatu baada ya kugunduliwa. Watafiti hao walikadiria kwamba kati ya asilimia 28 na 37 ya vifo hivyo vingeweza kuzuiwa kama dalili zingechunguzwa mapema zaidi na tiba ikaboreshwa.

Kwa nini umri una uzito

Kuna dhana kwamba saratani ya titi ni maradhi ya wanawake wa makamo. Dhana hiyo ina chanzo chake. Kwa kuwa idadi kubwa ya watu barani Afrika ni vijana, wagonjwa wengi wanaoonekana katika kliniki zetu huwa na umri wa chini kuliko wale wa Ulaya. Hata hivyo, hatari inayomkabili mwanamke mmoja mmoja huongezeka kadiri anavyozidi kuzeeka. WHO inaeleza kwamba takriban nusu ya wanaopata ugonjwa huu hawana kichocheo chochote kinachojulikana isipokuwa kuwa wanawake na kuwa na zaidi ya umri wa miaka 40. Kwa hivyo, mama anayesema kwamba katika ukoo wao hakuna aliyewahi kuugua hana kinga yoyote kwa sababu hiyo. Saratani zinazotokana na urithi ni sehemu ndogo tu.

Umri hubadilisha pia maana ya uvimbe wenyewe. Msichana wa miaka 20 akipata uvimbe, mara nyingi huwa ni tezi ngumu inayotelezateleza chini ya vidole ambayo si saratani. Mwanamke anayekaribia kukoma hedhi hupata vifuko vya maji vinavyovimba na kunywea kufuatana na mzunguko wa mwezi, na anaweza kushauriwa kuutazama uvimbe hadi mzunguko huo upite. Ushauri huo haumfai mama wa miaka 65. Hana mzunguko wa kusubiri. Titi lake limepungua tezi na kujaa mafuta, hivyo kitu kipya kinachojitokeza humo kinahitaji kuelezwa ni nini.

Hii haina maana kwamba kila uvimbe uzeeni ni saratani. Upo uvimbe wa mafuta, upo wa mirija ya maziwa iliyopanuka, lipo jipu, na upo ule unaotokea baada ya titi kugongwa, mathalani na pembe ya ng'ombe au mpini wa jembe, ambapo mafuta yaliyojeruhiwa hukauka na kuwa kama jiwe. Tatizo ni kwamba huu wa mwisho unaweza kufanana sana na saratani, kwa mkono na hata kwa picha. Mama anayekumbuka kwamba aligongwa asilifanye kumbukumbu hilo kuwa jibu. Huenda pigo lilimfanya tu auguse uvimbe uliokuwapo tangu awali.

Dalili nyingine zisizofaa kupuuzwa

Mbali na uvimbe, mabadiliko yafuatayo yanahitaji uchunguzi hata pasipo na donge lolote linalogusika:

- Ngozi ya titi kubonyea ndani, kukunjamana au kuwa na vishimo kama ganda la chungwa.
- Chuchu iliyokuwa imechomoza kuingia ndani.
- Majimaji, hasa yenye damu, kutoka katika chuchu moja bila kukamuliwa.
- Upele au kidonda cha chuchu kisichopona kwa dawa za kupaka.
- Donge katika kwapa au juu ya mfupa wa mtulinga.
- Titi moja kuwa jekundu, zito na lenye joto kwa mwanamke asiyenyonyesha.

Dalili hii ya mwisho huwapotosha wengi. Mwanamke anayenyonyesha akivimba titi, aghalabu ni maambukizi na dawa ya kuua bakteria humsaidia. Kwa mama aliyekoma hedhi, dalili hizohizo zinaweza kuwa za aina ya saratani inayoenea kwa kasi. Akipewa dawa na hali isibadilike katika muda wa wiki mbili hivi, hatua inayofuata ni rufaa. Si mzunguko wa pili wala wa tatu wa dawa ileile.

Wanaume nao wasijione wako nje ya habari hii. WHO inaeleza kwamba kati ya asilimia 0.5 na 1 ya saratani za titi huwapata wao, na kwa mzee wa kiume uvimbe mgumu nyuma ya chuchu huchunguzwa kwa njia ileile.

Hatua tatu za uchunguzi

Uchunguzi kamili wa uvimbe una sehemu tatu, na madaktari huzilinganisha ili kuona kama zinasema jambo moja.

Ya kwanza ni maelezo na mkono wa mhudumu. Mama ataulizwa aliuona uvimbe lini, kama umekua, hedhi ilikoma lini, kama amewahi kutumia dawa za homoni, ni nani katika familia aliyeugua, na ni dawa gani anazotumia kwa maradhi mengine. Kisha mhudumu atayatazama na kuyapapasa matiti yote mawili, makwapa yote mawili na sehemu ya juu ya mtulinga, mama akiwa ameketi na vilevile akiwa amelala. Mhudumu anayegusa pale tu palipooneshwa hajamaliza kazi. Mama ana ruhusa ya kuomba ahudumiwe na mwanamke, au binti yake awepo chumbani.

Ya pili ni picha. Kwa umri huu huanzwa na mamografia, ambayo ni picha ya eksirei ya matiti. Kila titi hubanwa kwa muda mfupi baina ya vibao viwili, na picha mbili huchukuliwa. Kubanwa huko kunaweza kuuma kidogo lakini hakudumu. Siku hiyo mama asipake poda, mafuta ya manukato wala dawa ya kuzuia jasho kwapani, kwa kuwa chembe zake zinaweza kuonekana kwenye picha kama madoa ya ugonjwa. Kwa vile titi la mzee kwa kawaida huwa na mafuta mengi kuliko tezi, picha yake husomeka vizuri kuliko ya kijana. Picha ya mawimbi ya sauti, ambayo wengi huiita ultrasaundi, huongezwa ili kutambua kama uvimbe ni maji au ni nyama, na kuzitazama tezi za kwapani.

Lipo jambo hapa ambalo familia inapaswa kulishika. Baadhi ya saratani hazionekani katika mamografia. Picha ikisemekana kuwa safi ilhali uvimbe bado unagusika, suala halijaisha. Uvimbe unaogusika lazima upewe maelezo yake.

Ya tatu ni kuchukua kipande, kipimo kinachoitwa biopsi. Daktari huitia ganzi sehemu ndogo ya ngozi, kisha kwa sindano nene hutoa vipande kadhaa vyembamba kama nyuzi. Mama hurudi nyumbani siku hiyohiyo akiwa na bandeji ndogo, na pengine alama ya kuvilia damu kwa siku chache. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amwambie daktari mapema, wala asiziache kwa hiari yake.

Wengi huhofia kwamba sindano huichokoza saratani ikaenea mwilini. Hofu hii imewafanya baadhi ya wagonjwa kukimbia siku ya kipimo, lakini haina msingi. Kinachoeneza saratani ni muda unaopita bila tiba. Kadhalika, si vyema kukubali uvimbe wote ukatwe kwanza ili ujulikane baadaye ni nini, pale ambapo sindano inawezekana. Ikiwa ni saratani, upasuaji wa kwanza huwa umefanywa bila mpango, na huenda wa pili ukahitajika.

Vipande hivyo hutiwa katika chupa yenye dawa ya kuhifadhi na kupelekwa kwa mwanapatholojia, mtaalamu anayezichunguza seli kwa hadubini. Ripoti yake husema kama ni saratani au la. Ikiwa ni saratani, hutaja aina yake, na vipimo vya ziada huonyesha kama ina vipokezi vya homoni na kama ina protini iitwayo HER2 kwa wingi. Bila majibu haya daktari hawezi kuchagua dawa kwa uhakika.

Kutoka Ikutha hadi maabara

Kaunti ya Kitui ina ukubwa wa takriban kilomita mraba 30,000, na sensa ya 2019 ilihesabu wakazi 1,136,187. Katika eneo pana namna hiyo, kuijua njia ni nusu ya safari.

Mlango wa kwanza ni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, au Hospitali ya Ikutha ambayo ni ya kaunti ndogo. Wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao serikali iliwasambaza vijijini kote nchini kuanzia Septemba 2023, wanaweza kumsindikiza mama na kufuatilia rufaa yake. Lengo la ziara hii ya kwanza si kupata dawa. Ni kupata uchunguzi wa mkono na barua ya rufaa inayotaja upande wa titi, ukubwa wa uvimbe, tangu lini umekuwapo, na ombi la picha pamoja na biopsi. Mama asiondoke bila barua hiyo.

Mlango wa pili ni hospitali yenye mitambo na daktari wa upasuaji. Barabara ya lami ya Kibwezi–Mutomo–Kitui imerahisisha mwendo wa pande zote mbili. Kuelekea kaskazini ipo hospitali ya misheni ya Mutomo, na mbele zaidi hospitali kuu ya rufaa ya kaunti iliyoko mjini Kitui. Kuelekea kusini, baada ya kuvuka mto Athi na kuingia Makueni, iko njia ya Kibwezi ifikayo Makindu katika barabara ya Mombasa, na kutoka huko mtu anaweza kufika hospitali ya rufaa ya Makueni iliyoko Wote. Mgonjwa hakatazwi kutibiwa katika kaunti jirani.

Mpango wa serikali wa kukodi vifaa vya matibabu ulioanza mwaka 2015 ulikusudia kupeleka mitambo ya picha, ikiwemo ya mamografia, katika hospitali mbili za kila kaunti. Lakini kuwapo kwa mtambo si sawa na kuwapo kwa mtu wa kuuendesha na wa kuisoma picha siku ile mama anapofika. Ndiyo sababu jamaa wanashauriwa kupiga simu au kumtuma mtu mapema kuuliza mambo matatu: mtambo unafanya kazi, siku za kliniki ya upasuaji ni zipi, na biopsi hufanywa hapo au mgonjwa hutumwa kwingine. Simu moja inaweza kuokoa nauli ya siku mbili.

Mlango wa tatu ni vituo vya saratani, iwapo jibu litahitaji hivyo. Kwa wakazi wa Ukambani, Hospitali ya Machakos ya Kiwango cha 5 ina kituo cha saratani. Nairobi kuna Hospitali Kuu ya Kenyatta, na Hospitali ya Mafunzo, Rufaa na Utafiti ya Chuo Kikuu cha Kenyatta iliyoanza kuwahudumia wagonjwa mwaka 2019.

Siku sitini

Mnamo 2021 WHO ilianzisha mpango wa kupunguza vifo vya saratani ya titi duniani, na mwaka 2023 ikatoa mwongozo wenye malengo matatu. Angalau asilimia 60 ya saratani zilizoanza kupenya zigunduliwe zikiwa katika hatua ya kwanza au ya pili. Uchunguzi ukamilike katika muda wa siku 60 tangu mgonjwa afike hospitalini mara ya kwanza. Na angalau asilimia 80 ya wagonjwa wamalize matibabu waliyoandikiwa.

Siku 60 ni karibu muda ambao pojo zinazokomaa mapema huchukua kutoka kupandwa hadi kuvunwa. Familia inaweza kuugawanya muda huo. Wiki ya kwanza iwe ya uchunguzi wa mkono na barua. Wiki ya pili na ya tatu ziwe za picha. Kufikia wiki ya nne kipande kiwe kimechukuliwa. Wiki zinazobaki ni za maabara na za kurudi kusikiliza jibu.

Mahali ambapo kalenda hii huvunjika zaidi ni baina ya biopsi na jibu. Mama hurudi nyumbani akisubiri kupigiwa simu, hospitali nayo ikamsubiri arudi. Kabla ya kuondoka, msindikizaji aulize chupa inapelekwa maabara gani, nani anaipeleka, nani anailipia, na jibu litakuwa tayari tarehe gani. Ikitokea kwamba jamaa ndio wanaokabidhiwa chupa, waifikishe bila kukawia, wala isilale nyumbani. Tarehe ya kurudi iandikwe, na nambari ya simu ya msindikizaji iwekwe kwenye faili pamoja na ya mgonjwa. Nakala za picha na ripoti zote zitunzwe katika bahasha moja, maana daktari wa Machakos au Nairobi atazihitaji.

Gharama

Tangu Oktoba 1, 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua nafasi ya bima ya NHIF. Usajili hufanywa kwa kupiga *147# au katika kituo cha afya, na mtu asiyejisajili hana budi kufanya hivyo kabla ya safari. Kwa aliyejisajili, huduma za kawaida katika zahanati na vituo vya afya hulipiwa na hazina ya afya ya msingi. Huduma za hospitali kubwa na matibabu ya saratani huhitaji mchango uwe umelipwa. Mchango huo ni asilimia 2.75 ya mapato ya familia, na haupungui Sh300 kwa mwezi, yaani Sh3,600 kwa mwaka.

Mama asifike kaunta ya malipo akidhani kila kipimo kimelipiwa. Ni busara kuuliza kabla ya kila hatua ni kipi bima inalipa na ni kipi mgonjwa atajilipia, kwani picha na vipimo vya maabara ndivyo huwashtua watu. Wazee wenye umri wa miaka 70 na zaidi walio katika mpango wa Inua Jamii hupokea Sh2,000 kwa mwezi, ambazo zinaweza kusaidia nauli. Vyama vya akina mama na vikundi vya mwethya, ambavyo tangu zamani vimechimba mabwawa na kulima matuta kwa umoja, vinaweza pia kutenga akiba ya safari za hospitali.

Yanayochelewesha

Aibu ni kizuizi cha kwanza. Mama mzee anaona si staha kumvulia nguo kijana wa umri wa mjukuu wake. Wahudumu wanaojua kazi yao hufunga pazia, hueleza watakachofanya kabla ya kugusa, na humfunika upande usiochunguzwa. Lakini hata pale staha hiyo inapokosekana, wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Kizuizi cha pili ni dawa za miti shamba na maombi vinapofanywa badala ya hospitali. Hakuna mhudumu mwenye busara anayemkataza mtu kuombewa. Linalokatazwa ni kuusubirisha uvimbe. Dawa za kuchoma au za kupasua ngozi zinazopakwa juu ya titi ni hatari zaidi, kwa kuwa huleta vidonda vinavyofanya picha na upasuaji kuwa vigumu.

Cha tatu ni uvumi. Saratani haiambukizwi kwa kugusana wala kwa kula chungu kimoja. Haisababishwi na kuweka sarafu au simu ndani ya sidiria. Wala si laana ya ukoo.

Cha nne ni uamuzi. Katika nyumba nyingi mama hawezi kusafiri kabla mume au kifungua mimba hajaafiki, na mwenye fedha yuko mbali. Anayepigiwa simu na kuambiwa "kuna kitu kidogo kwenye titi, lakini hakiumi" aelewe kwamba ameletewa habari ya haraka. Jawabu linalofaa ni kuuliza: "Mama, umeenda hospitali siku gani, na barua ya rufaa iko wapi?"

Jibu likifika

Ripoti ikisema si saratani, na maelezo hayo yakaafikiana na picha pamoja na alichogusa daktari, mama huondokewa na mzigo mkubwa. Hata hivyo aambiwe arudi lini, na arudi kabla ya hapo uvimbe ukikua. Ripoti isipoafikiana na picha, ni haki kuomba kipimo kirudiwe.

Ikisema ni saratani, umri pekee si sababu ya kukata tamaa wala ya kunyimwa tiba. Kinachozingatiwa ni nguvu za mwili, hali ya moyo, sukari na shinikizo la damu, hatua ya ugonjwa na matakwa ya mgonjwa mwenyewe. Saratani za wanawake waliokoma hedhi mara nyingi huwa na vipokezi vya homoni, na hizo hujibu kwa vidonge vinavyomezwa kila siku kwa miaka kadhaa, kama vile letrozole, anastrozole au tamoxifen. Wengi pia hufanyiwa upasuaji, na uvimbe ukiwahiwa ungali mdogo yawezekana usihitaji titi zima kukatwa, mradi tiba ya mionzi ipatikane baadaye. Si kila mgonjwa anayehitaji dawa za kemotherapi.

Maswali haya yanafaa kuandikwa kwenye karatasi na kupelekwa kwa daktari:

- Saratani ni ya aina gani na iko katika hatua ipi?
- Je, vipokezi vya homoni na HER2 vimepimwa?
- Tiba ya kwanza ni ipi, itaanza tarehe gani, na wapi?
- Ni vipimo gani bado vinahitajika, na bima inalipa vipi?
- Dawa za maradhi mengine ninazotumia ziendelee?
- Nikizidiwa nikiwa nyumbani nimpigie nani?

Mama mwenyewe ndiye anayestahili kuambiwa jibu kwanza, kwa lugha anayoielewa. Ikiwa ni Kikamba, atafutwe wa kufasiri kikamilifu, bila kupunguza. Jamaa huficha neno "saratani" wakidhani wanamlinda mzee wao, kisha wanashangaa anapoacha dawa miezi miwili baadaye kwa kuwa titi haliumi tena. Asiyejua anatibiwa nini hana sababu ya kuvumilia safari ya kumi ya Machakos.

Kwa aliyeugundua uvimbe wiki hii, kazi ya kwanza ni ndogo: kumwambia mtu mmoja anayemwamini, na kupanga siku ya kwenda zahanati au Hospitali ya Ikutha kabla wiki nyingine haijaisha. Siku hiyo ndipo siku 60 zinapoanza kuhesabiwa.